Mkia Alioufunga Siwatu

“Hailiwi ni hailiwi,” alisema Mzee Mkwanda, “na mtu akishakatazwa mara tatu hakatazwi tena. Huchapwa.”

“Nichape basi,” Nachiku akajibu. “Lakini ukimaliza uniambie ni nani aliyeila akafa. Mtaje kwa jina.”

“Sina haja ya kumtaja. Masizi yanatosha.”

“Masizi uliyapaka wewe, babu.”

“Niliyapaka juu ya yale aliyoyapaka baba yangu.”

“Na yeye je?”

“Juu ya yale ya baba yake. Una nini leo, wewe Nachiku?”

Siku za kawaida babu huyu alimwita mjukuu wake “mke wangu”, kama babu wote wanavyowatania wajukuu wao, naye Nachiku alimjibu kwa kumdai kanga na nyama ya paa. Siku hiyo alimwita kwa jina lake, na hakuna aliyecheka. Uani, katikati yao, lilikuwa limelala zizi la ndiga, yaani mzizi mnene wa kiazi mwitu, kubwa kama kichwa cha mtoto, bado lina udongo. Nachiku alikuwa amelichimba kwa mikono yake.

“Nguruwe kachimba jingine pembeni yake kalila,” alisema tena, kwa sauti ya chini. “Nimefuata nyayo zake. Kaenda zake mzima.”

“Basi kaishi na nguruwe,” babu akasema, akaingia ndani.

Hayo yalitokea zama ambazo maneno yalikuwa na vichwa tu, mikia hayakuwa nayo. Jambo lilikuwa hivi au lilikuwa vile. Katika kijiji cha Chiwalo, kilichokaa juu ya kilima kirefu chenye miamba, kila kitu kipya kilipelekwa barazani, wazee wakakitazama, wakakiamulia. Kikiwa cha kuliwa, cha kupitwa au cha kutumiwa, kilipakwa chokaa. Kikikataliwa kilipakwa masizi, na chenye masizi hakikuguswa na mkono wa mtu. Kila mwaka, kabla ya mvua, mtia masizi alizunguka kijiji kizima akiyapaka upya, ili mtu yeyote asije akasema kwamba hakuona.

Ndiyo maana palikuwa na njia ya kuteremka gengeni ambapo mtu mmoja aliteleza masika fulani, zamani sana. Njia ile ilipata masizi. Hata kiangazi, ilipokuwa kavu kama kigae, watu wa Chiwalo waliizunguka kwa nusu siku wakiwa na mizigo kichwani. Palikuwa pia na kinu kizuri cha mninga, hakina ufa wala tundu, kilichokaa nyuma ya nyumba ya Nachiku kikiota majani, kwa sababu siku ya kwanza kabisa kilimponda kidole mke wa mtu. Watu hawakuwa wapumbavu. Hawakuwa tu na neno la kusimama katikati ya chokaa na masizi, na mtu asiyekuwa na neno la jambo hupita kando ya jambo lenyewe asilione.

Kisha mvua ilikosa kunyesha miaka miwili mfululizo. Mtama ulikauka ungali na urefu wa goti. Kuku waliliwa, mbegu zikaliwa, na watoto wakaanza kulala mchana bila kuambiwa. Mzee Mkwanda, ambaye ndiye aliyekuwa mtia masizi, aliwakusanya watu akatangaza kwamba siku ya saba kijiji kitahama, kielekee bondeni, mwendo wa siku nane.

Kuhama kwa Chiwalo kulikuwa na desturi yake. Asiyetembea hakubebwa, kwa kuwa aliyewahi kumbeba mgonjwa kwenye njia ile alikufa pamoja naye, na jambo hilo lilikuwa na masizi. Asiyetembea huachiwa moto, na mtungi wa maji, na mlango hufungwa kwa nje.

Bibi Namanga, mke wa Mzee Mkwanda, aliteguka nyonga kisimani mwaka wa kwanza wa ukame, na tangu hapo alijikokota kutoka kitandani hadi kizingitini, basi. Mzee alipaka masizi kwenye mkongojo wa mkewe yeye mwenyewe. Hakutaka mtu mwingine amfanyie kazi hiyo. Bibi alimtazama mpaka akamaliza, akamwambia, “Paka vizuri na upande huu, usije ukasema umri umekuharibia kazi.”

Kwa hiyo Nachiku alikuwa na siku saba. Kama wangepata chakula, kijiji hakingehama, na kama kijiji hakingehama, bibi yake asingefungiwa mlango. Hilo ndilo lililompeleka porini kuchimba kitu chenye masizi.

Baada ya ugomvi ule alilibeba lile zizi hadi kwenye kijito cha chemchemi, ambacho hata ukame haukukikausha, akae nalo alie. Akakuta wanawake watatu wa kuja, wauza chumvi kutoka pwani, wamepumzisha mizigo yao. Mkubwa wao aliitwa Siwatu, mwanamke mnene wa maneno, mwembamba wa mwili, mwenye kucha zilizochujuka kwa maji ya chumvi.

“Mwanangu,” alisema Siwatu, “huu mmea wenye majani matatu matatu nimeuona kijiji kizima, na kila mmoja una kijiti chake cheusi. Mnaufugia nini?”

“Hatuufugi. Hauguswi. Una masizi.”

“Na wewe umekumbatia nini hapo?”

Nachiku akalikumbatia zizi zaidi. Siwatu akacheka hadi akaegemea mwamba. “Wenzangu, njooni mwone. Watu wamelala njaa juu ya ghala.”

“Ina sumu,” Nachiku akasema.

“Naam, inayo, ya kuua. Nani kasema haina? Sumu yake tunamwachia mto. Sisi tunakula kinachobaki.”

Nachiku alimtazama yule mama kama mtu anayetafuta pahali penye mzaha asipaone. Siwatu akatoa kisu, akamenya zizi lile, akalikata vipande vyembamba kama majani, akavisugua kwa chumvi mpaka vikatoa utomvu mweupe. Akavitia ndani ya pakacha, akaliweka palipokuwa na maji yaendayo kasi, akalikandamiza kwa mawe. Povu jeupe likainuka, likashuka na mto.

“Tazama povu hilo,” alisema. “Siku nne, labda tano. Usihesabu siku, tazama povu. Povu likiisha, weka kipande kwenye ncha ya ulimi. Kikikuwasha, kirudishe. Kisipokuwasha, anika, twanga, chekecha, songa. Na uchimbe mengine leo hii, maana hili moja halimshibishi hata panya.”

“Kwa hiyo inaliwa?” Nachiku akauliza. “Niwaambie wapake chokaa?”

“Hapana. Ukiila hivi ilivyo utazikwa.”

“Kwa hiyo hailiwi.”

“Nani kakwambia?” Siwatu akachomoa ukindu mrefu kwenye mzigo wake, akaufunga kwenye shina la ndiga iliyokuwa ukingoni, akauacha uning'inie kama mkia. “Kwetu kitu cha namna hii hatukipaki chokaa wala masizi. Tunakifunga mkia. Maana yake, kazi ipo, na mwisho wa kazi kuna kitu. Na jina lake nalo tunalifunga mkia vilevile. Hii, mwanangu, inalika.”

Nachiku alilirudia neno hilo kinywani polepole, kama mtu anayeonja mchuzi wa jirani. Inalika. Lilikuwa neno lao lile lile la kila siku, neno la kula, lakini limeongezwa kitu nyuma, na kile kitu kilikuwa kama mlango uliorudishwa bila kufungwa.

Wauza chumvi hawakukaa. Hawakupata nafaka ya kubadilishana, na njia yao ilikuwa ndefu. Siwatu alimwachia Nachiku bonge la chumvi na kicha cha kindu, akamwambia alipe siku watakapoonana, Nachiku akiwa amenona kama kiboko.

Siku ya pili na ya tatu Nachiku alichimba, akamenya, akakata, akatia mtoni mapakacha mengine matatu, yakawa manne. Watoto walimfuata kwa mbali wakiimba, “Lika, lika, mkia wa panya.” Mikono ilimwasha mpaka viwikoni. Kila baada ya kazi aliketi kutazama povu, na povu halikuonyesha dalili ya kuisha.

Siku ya nne uvumilivu ulimwisha. Alimwacha bibi yake asubuhi ile akinyonya kipande cha ngozi kavu ya mbuzi, akisema ina ladha ya harusi yake. Nachiku akaenda mtoni moja kwa moja. Povu la pakacha la kwanza lilikuwa limepungua, lakini lilikuwapo. Akajiambia kwamba kupungua na kuisha ni ndugu. Akachukua kipande, hakukigusisha ncha ya ulimi, akakitafuna chote.

Ulimi ulivimba kabla hajasimama. Mbingu zikazunguka. Alitapika mpaka hapakuwa na cha kutapika, na watoto waliokuwa wakimwimbia walikimbia kijijini kusema kwamba Nachiku amekufa.

Mzee Mkwanda alifika akihema. Alimwinua mjukuu wake, akamtia maji usoni, akamkalisha. Alipoona anapumua sawasawa, uso wake ulirudi kuwa uso wa mtia masizi.

“Umejionea,” alisema.

Nachiku alitaka kusema kwamba kosa lilikuwa lake, wala halikuwa la ndiga, lakini ulimi ulimjaa mdomo.

Mzee alisimama juu ya mapakacha akitaka kuyapiga teke yaende na maji. Akainua mguu. Akausimamisha hewani. Kitu chenye masizi hakiguswi, hata kwa kutupwa, na yeye ndiye aliyewafundisha watu hivyo. Alisimama kwa mguu mmoja kitambo, kama korongo, watu wakimtazama, kisha akaushusha taratibu. Alichofanya ni kukata vijiti, akavipaka masizi, akavichomeka kuzunguka mapakacha yote manne. Kwa njia hiyo akayalinda na watoto na wezi, vizuri kuliko ambavyo Nachiku angeyalinda mwenyewe.

Siku ya tano, alasiri, povu la pakacha la kwanza, lile la Siwatu, liliisha. Maji yalipita ndani yake yakatoka kama yalivyoingia. Safari hii Nachiku aliweka kipande kwenye ncha ya ulimi uliokuwa bado unauma, akahesabu pumzi zake mpaka mia mbili. Hakukuwa na mwasho. Alianika vipande juu ya mwamba uliokuwa na moto wa jua la siku nzima, na jua lilipochwa vilikuwa vinalia kama vigae.

Siku ya sita asubuhi alitafuta pa kutwanga. Wenye vinu walimfungia. Akaenda nyuma ya nyumba, akang'oa majani ndani ya kinu kile cha mninga kilichomponda mke wa mtu, akakisugua kwa mchanga, akatwanga humo. Watu wa Chiwalo hawakuwa wamesikia mlio wa kutwanga kwa miezi miwili. Watu walitoka nyumbani mmoja mmoja, wasikaribie, wakasimama nje ya ua wakivuta harufu. Unga ulikuwa mweupe. Ulisongwa, ukatoa mvuke kama ugali mwingine wowote.

Nachiku aliketi na bakuli, akaona kila jicho la kijiji liko kwenye mkono wake. Aliogopa. Aliuogopa hata ulimi wake mwenyewe. Kabla hajamega, mkono mwembamba ukatoka kizingitini ukalivuta bakuli.

“Wewe una miguu,” alisema Bibi Namanga. “Kesho unaondoka na wenzio. Mimi naachwa na mtungi. Sasa kati yetu, mwenza wangu, nani anafaa kujaribu?”

“Bibi, mimi ndiye niliyepika.”

“Na mimi ndiye mwenye njaa.” Akamega, akatia kinywani.

Mzee Mkwanda alipasua katikati ya watu. “Namanga, tema.”

“Nimeshameza.”

“Tema, nakwambia.”

“Ukinisemesha nitapaliwa, na hapo nitakufa kwa sababu yako.” Akamega tena. Alikula nusu ya bakuli bila haraka, akanawa, akaegemea mlango, miguu ameinyoosha juani.

Hakuna aliyeondoka. Kivuli cha nyumba kilitambaa uani, kikaufikia mti wa kuanikia, kikaupita. Jirani mmoja alishindwa kuvumilia akauliza, “Bibi, unajionaje?”

“Inataka chumvi kidogo,” akasema. “Lakini inalika.”

“Neno gani hilo lenye mkia?” Mzee akanung'unika.

“La mwenye tumbo,” mkewe akamjibu, na watu wakacheka kicheko kidogo kilichowashangaza wenyewe.

Alasiri bibi alifumba macho. Kichwa kilimwangukia begani, na mikono ikalegea. Mwanamke mmoja akaanza kulia kwa sauti ya msiba. Nachiku alisogea kwa magoti, na kabla hajamgusa bibi yake akasikia mkoromo mzito, wa mtu aliyeshiba baada ya miezi mingi, na baada ya huo mwingine. Mwanamke yule akameza kilio chake.

Mzee Mkwanda aliketi upande wa pili wa mlango, karibu na mkewe. Kila mara aliinamisha sikio kusikiliza pumzi zake. Jua lilipokuwa linazama, Nachiku aliona mkono wa babu yake ukitambaa kwenye bakuli, ukamega, ukarudi. Kisha ukatambaa tena.

Bibi aliamka akajinyoosha. “Nipeni nilichobakisha,” alisema.

Bakuli lilikuwa tupu. Watu wote walimtazama Mzee Mkwanda, naye akajifuta mdomo kwa kiganja, akainuka, akaingia ndani, akafunga mlango. Watu hawakujua waelewe vipi. Hakuwa amefuta masizi, na mtia masizi ambaye hakufuta hakuwa amesema lolote. Wakaenda kufunga mizigo yao kama walivyoamriwa.

Na tangu siku hiyo, ndiga hujulikana kuwa chakula cha mwaka wa shida, na anayeijua haiingizi chunguni kabla mto haujachukua fungu lake. Na tangu siku hiyo maneno yana mikia. Mwanzoni watu wa Chiwalo waliufunga ule mkia wa Siwatu kwenye mambo ya Siwatu peke yake, ndiga na chumvi. Baadaye wakaanza kuufunga kwenye mambo yao wenyewe. Njia ya gengeni ikawa masika haipitiki, kiangazi inapitika. Kinu kikatumika. Watoto, kwa mwezi mzima, walifunga mikia hata pasipostahili, mpaka mama zao wakasema kelele hizo hazivumiliki, na papo hapo wakagundua kwamba nao wamefunga. Hata mkosaji, ambaye zamani alisamehewa au hakusamehewa, alianza kuitwa mtu anayesameheka, na neno hilo likampa mahali pa kuanzia kazi. Wazee waliweka sharti moja tu: mtu asiseme jambo halifanyiki kabla hajatia mkono wake ndani yake.

Wala si Waswahili peke yao waliopata mkia wa namna hii. Anayesoma Kiingereza hukutana na wa kwao, “-able”, umening'inia mwishoni mwa maneno ya sifa, nao hueleza kitu kinachofaa kutendwa au kinachoweza kutendwa. Waingereza nao hawakuusuka wenyewe. Asili yake ni Kilatini, lugha ya Warumi, ukapita kwa Wafaransa, ukavuka bahari ukiwa umeshikana na maneno ya kigeni. Wenyeji waliuzoea, wakauona una kazi, wakaufunga hata kwenye maneno yao ya zamani ya jikoni, la kula na la kunywa. Leo hakuna anayeuliza uliingia kupitia lango gani. Kitu cha mgeni kikimfaa mwenyeji, huota mizizi kwake.

Lakini asubuhi ile ya siku ya saba hakuna aliyeyajua hayo. Watu walikuwa wamejipanga mbele ya nyumba ya Mzee Mkwanda, mizigo kichwani, watoto mgongoni, wakisubiri neno la kuondokea. Nachiku hakuwa na mzigo. Alikuwa ameketi kizingitini, ameushika mguu wa bibi yake kwa mikono miwili, na alikwisha kuamua kwamba atakayetaka kuufunga mlango ule atamfungia naye ndani.

Mlango ukafunguliwa nyuma yao. Mzee Mkwanda alisimama hapo, macho mekundu, hana fimbo, hana chungu cha masizi. Aliwatazama watu wake, akawatazama mkewe na mjukuu. Midomo yake ilijaribu jambo mara mbili bila sauti, kama mtu anayeingia kwenye maji asiyojua kina chake.

“Tueni mizigo,” alisema. “Hapa panakalika.”